Charles Péguy: mwandishi wa habari aliyegeukia mashairi na historia ya Wakristu

Mwaka 1905, kijarida kimoja kidogo cha Paris kilitoa toleo zima juu ya Congo. Si habari ya nusu ukurasa. Toleo zima, kutoka mwanzo mpaka mwisho, juu ya Congo ya mfalme Léopold wa Pili wa Ubelgiji, ambako watu walilazimishwa kuleta mpira wa pori, na kijiji chenye kukosa kutimiza kipimo kiliona taabu. Mwandishi wake alikuwa Pierre Mille. Mwaka uliofuata, 1906, kijarida kile kile kikavuka mto na kuzungumza juu ya Congo ya Ufaransa. Hapo mwandishi alikuwa Félicien Challaye, mwalimu aliyesafiri mwaka 1905 pamoja na ujumbe wa Pierre Savorgnan de Brazza, ule uliotumwa kuchunguza namna wakubwa wa koloni walivyowatendea raia. Brazza alikufa Dakar, Septemba 1905, akiwa njiani kurudi, na serikali ya Ufaransa ikaficha ripoti ya uchunguzi. Lakini Challaye alikuwa ameona, na kijarida kikachapisha.

Kijarida hicho kiliitwa Cahiers de la Quinzaine, maana yake Madaftari ya Wiki Mbili. Mwenye kukianzisha, kukiongoza, kusahihisha kurasa zake na kukimbilia madeni yake alikuwa mtu mmoja: Charles Péguy. Wakati wa toleo la Congo alikuwa na miaka 32. Wasomaji walimjua kama mtu wa habari za haki, msoshalisti, mtu asiyeogopa serikali wala chama.

Miaka mitano baadaye, Januari 1910, wasomaji wale wale walifungua toleo jipya na kukuta kitu chenye hawakungojea: maandishi marefu, nusu mchezo wa kuigiza na nusu shairi, yenye kuonyesha msichana wa kijiji akisali na kumuuliza Mungu kwa nini dunia ina mateso mengi namna hii. Tangu siku hiyo mpaka kifo chake, Péguy aliandika maelfu ya mistari juu ya Yezu, Bikira Maria, Jeanne d'Arc, Mtakatifu Geneviève na Eva, mama wa watu wote.

Je, mwandishi wa habari alikimbia kazi yake? Wengi walisema hivyo. Historia yake inaonyesha jambo lingine.

Mtoto wa mama mwenye kutengeneza viti

Péguy alizaliwa tarehe 7 Januari 1873 katika mji wa Orléans, kandokando ya mto Loire. Baba yake alikuwa seremala. Alirudi na ugonjwa kutoka vita ya 1870 kati ya Ufaransa na Wajerumani, akafa wakati mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Mama alibaki na kazi ya kufuma majani kwenye viti: anatoa majani yaliyochakaa, anafuma mapya, anarudishia mwenye kiti, analipwa feza kidogo. Bibi yake, mwenye hakujua kusoma wala kuandika, njo alimsimulia hadisi nyingi za zamani.

Mtoto alikuwa na akili ya masomo. Théophile Naudy, mkubwa wa shule ya kufundisha walimu ya Orléans, alimwona na kumtafutia msaada wa masomo ili aingie sekondari na ajifunze Kilatini. Bila mtu huyu, Péguy angemaliza shule ya msingi na kwenda kutafuta ufundi. Mwaka 1894 aliingia École normale supérieure ya Paris, moja ya shule kubwa kabisa za inchi.

Tangu utoto aliona kila mwaka sikukuu ya tarehe 8 Mei. Siku hiyo Orléans inakumbuka namna Jeanne d'Arc, binti wa wakulima, alivyoukomboa mji mwaka 1429 wakati jeshi la Uingereza liliuzunguka. Kwa watoto wa Orléans, Jeanne hakuwa mtu wa kitabu tu. Alikuwa mtu wa barabara zao.

Alipofika ujana, Péguy aliacha dini. Sababu moja njo ilikuwa nzito kuliko zingine: hakuweza kukubali jehanamu. Namna gani watu wengine wafurahi mbinguni wakati wengine wametupwa inje milele? Akaingia katika usoshalisti na swali lile lile: mji wa haki ni ule usiofunga mlango mbele ya mtu hata mmoja.

Kesi iliyomfanya kuwa mwandishi

Mwishoni mwa 1894, mahakama ya jeshi la Ufaransa ilimhukumu kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi, kwamba aliuza siri za jeshi kwa Wajerumani. Alitumwa kufungwa kwenye kisiwa cha mbali, karibu na Guyana. Hakuwa na kosa. Mwandishi wa habari mmoja, Bernard-Lazare, yeye pia Myahudi, alichapisha mwaka 1896 kitabu kidogo cha kuonyesha kwamba hukumu ile ilikuwa ya uongo. Tarehe 13 Januari 1898 Émile Zola akaandika barua yake kwa rais wa inchi katika gazeti L'Aurore, na Ufaransa nzima ikagawanyika: nyumba kwa nyumba, ndugu kwa ndugu. Ilifaa kungojea mpaka Julai 1906 ili Dreyfus arudishiwe heshima yake kisheria.

Péguy aliingia katika mapambano hayo akiwa kijana. Mwaka 1898 alifungua duka la vitabu karibu na chuo kikuu, kwa feza ya familia ya mke wake. Duka likawa mahali pa kukutania wenye kumtetea Dreyfus. Lakini biashara haikuenda. Feza ilipotea, na wenzake wasoshalisti wakachukua uongozi.

Kisha likatokea jambo lililomkata moyo zaidi. Desemba 1899, vyama vya kisoshalisti vilikutana Paris na kukubaliana kwamba magazeti yao yachungwe: mambo yenye kuweza kuumiza umoja wa chama yasiandikwe. Kwa Péguy, hiyo ilikuwa sawa na kufanya kile jeshi lilifanya kwa Dreyfus: kuficha ukweli ili kulinda kundi. Mwezi mmoja tu baadaye, Januari 1900, akatoa namba ya kwanza ya Cahiers de la Quinzaine. Alikuwa na karibu miaka 27, mke, mtoto, na mufuko mtupu.

Duka ndogo ya rue de la Sorbonne

Kijarida kilifanyiwa kazi katika chumba kidogo kwenye namba 8, rue de la Sorbonne, karibu kabisa na chuo kikuu. Péguy aliwachagua waandishi, alisoma maandishi, alikwenda mwenyewe kwa mpiga chapa huko Suresnes, inje kidogo ya Paris, na kusahihisha kila nukta. Alama ya mkato yenye kuwekwa vibaya ilimuumiza kama vile kiti chenye kufumwa vibaya kingemuumiza mama yake.

Katika miaka 14 yalitoka matoleo zaidi ya 200. Kwa kawaida kila toleo lilikuwa na jambo moja ao mwandishi mmoja. Yalizungumza juu ya mauaji ya Waarmenia, juu ya mateso ya Wayahudi wa Rumania, juu ya Congo mbili, juu ya shule na siasa. Yalitoa pia riwaya: kazi kubwa ya Romain Rolland, Jean-Christophe, ilianza kutoka humo mwaka 1904, na mwenye kuiandika alikuja kupata Tuzo la Nobel la mwaka 1915.

Wasajili hawakuwa wengi. Kwa miaka mingi walikuwa karibu na elfu moja. Walikuwa watu wa namna mbalimbali: Wayahudi, Waprotestanti, Wakatoliki wachache, wasoshalisti, wenye hawakuamini Mungu. Péguy hakutaka wakubaliane. Alisema kijarida ni hai tu kama kila mara kinachukiza sehemu ya wasajili wake. Deni lilikuwa la kila mwezi. Alilipwa kidogo, mara zingine hakulipwa. Marafiki walimkopesha, yeye akakasirika nao, wakaachana, wengine wakarudi.

Mwalimu maskini anafungua mlango

Kati ya matoleo ya kwanza kulikuwa riwaya moja ya mwalimu wa kijiji, Jean Coste, iliyoandikwa na Antonin Lavergne. Jean Coste anafundisha, ana familia, na mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Anakopa, anakosa mkate, anafikia ukingo wa kujiua. Mwalimu wa Kivu, wa Ituri ao wa Maniema hana lazima aelezwe maana ya habari hiyo.

Mwaka 1902 Péguy aliandika maelezo marefu juu ya kitabu hicho. Humo anatenganisha mambo mawili yenye watu wanachanganya: umaskini na ufukara. Maskini ana kidogo, lakini anaishi. Anaweza kupanga kesho. Fukara hana kesho. Yuko inje ya mji hata kama analala ndani yake. Na hapo mwandishi asiye na dini akatumia picha ya dini: ufukara ni jehanamu ya hapa duniani, kwa sababu ndani yake hakuna matumaini. Kwake, kazi ya kwanza ya kila serikali ilikuwa kuwatoa watu humo, kabla ya kuzungumza juu ya usawa ao juu ya sanaa.

Neno hilo, matumaini, njo linaeleza njia yake yote. Mwandishi wa habari aliuliza: nani ameachwa inje? Mshairi wa baadaye aliuliza swali lile lile, lakini mbele ya Mungu.

Mwaka 1908

Septemba 1908, Péguy alikuwa mgonjwa, amechoka kabisa na kijarida chenye hakikui. Rafiki yake wa tangu shule, Joseph Lotte, alikuja kumuona. Péguy akamwambia, na machozi, kwamba amepata tena imani. Hakutangaza jambo hilo katika kijarida. Zaidi ya mwaka mmoja ukapita karibu kimya.

Nyumbani ilikuwa shida. Mwaka 1897 alikuwa amefunga ndoa ya serikali tu, na mke wake, Charlotte Baudouin, hakuwa na dini. Watoto hawakubatizwa. Kufatana na sheria ya Kanisa wakati ule, hakuweza kukaribia sakramenti kama hali hiyo haikubadilika, na yeye hakutaka kumlazimisha mke wake. Akabaki mlangoni: mtu aliyeandika kurasa nyingi juu ya sala, lakini hakukomunika siku ya Mungu. Juni 1912, kisha ugonjwa wa mtoto wake, alikwenda kwa miguu mpaka kanisa kuu la Chartres ili kumweka mtoto mikononi mwa Bikira Maria. Karibu kilometa 144, kwenda na kurudi, kwa siku tatu. Kwa mtu wa kukaa mezani na kusahihisha kurasa, haikuwa matembezi.

Jeanne d'Arc: kuchunguza kama mwandishi, kuandika kama mshairi

Toleo la Januari 1910 liliitwa Le Mystère de la charité de Jeanne d'Arc, Fumbo la mapendo ya Jeanne d'Arc. Wengi walifikiri limetoka katika imani mpya. Lakini Péguy alikuwa ameandika juu ya Jeanne tangu 1897, akiwa msoshalisti bila dini. Wakati ule alisoma maandishi ya kesi zake, yenye mwanahistoria Jules Quicherat alikuwa amechapisha katikati ya karne ya 19. Maandishi hayo ni utajiri mkubwa. Kuna kesi ya 1431, yenye ilimtuma Jeanne kwenye moto huko Rouen tarehe 30 Mei. Kuna pia ile ya pili, iliyofungwa mwaka 1456, yenye ilifuta hukumu ya kwanza kisha kusikiliza mashahidi zaidi ya 100: askari, mapadri, wanawake wa kijiji, watu waliocheza naye wakiwa watoto.

Kwa mtu aliyetetea Dreyfus, mfanano ulikuwa wazi. Mahakama yenye nguvu, mtu mmoja bila kosa, hukumu iliyotayarishwa mbele, na ukweli wenye kuchelewa miaka 25.

Mwaka 1910 Péguy hakutupa maandishi ya zamani. Aliyafungua na kuingiza mapya ndani. Mahali ni Domrémy, mwaka 1425. Jeanne ana miaka 13 na nusu. Vita imeharibu mashamba. Anazungumza na rafiki yake mdogo Hauviette, mwenye kusema: fanya kazi, sali, kisha ngojea. Anazungumza na Madame Gervaise, mtawa kijana. Jeanne hatulii. Anauliza namna gani watu wanaendelea kupotea kisha Yezu kufa. Swali la Péguy kijana, lile lililomtoa katika dini, limerudi katika kinywa cha mtakatifu. Halikufutwa. Limekuwa sala.

Katikati ya kitabu, Madame Gervaise anasimulia Mateso ya Yezu kwa macho ya Maria. Si Maria wa sanamu. Ni mama mzee wa kijiji, mwenye kufuata mwana wake katika barabara, mwenye uso umevimba kwa machozi, mwenye watu wanamhurumia na kumsemasema wakati mmoja. Mama yeyote aliyekwenda kumtafuta mwana wake kisha mapigano anamfahamu huyu.

Ugomvi juu ya historia

Mwaka 1911 jarida moja lenye kuongozwa na Fernand Laudet lilimkosoa Péguy. Lilisema kwamba katika historia ya Jeanne, mambo ya hakika ni yale yaliyoonekana na watu wote: vita, mfalme, kesi. Utoto wake, sala zake za kijijini, hayo ni hadisi tu.

Péguy alijibu kwa kitabu kizima, kwa hasira kubwa. Lakini ndani ya hasira kuna fikra muhimu kwa kila mwenye kuandika historia ya Wakristu. Yezu aliishi karibu miaka 30 Nazareti bila kuandikwa, na miaka mitatu tu mbele ya watu. Ukiondoa miaka 30 ile, imani inabaki na nini? Watakatifu wengi hawana jina katika kitabu chochote. Ni wale wenye kuamka, kulima, kupika, kuzika watu wao na kusali. Kwa Péguy, historia ya Wakristu ambayo inahesabu tu maaskofu, wafalme na mikutano mikubwa imeacha sehemu iliyo kubwa zaidi.

Hapa mwandishi wa habari na mshairi ni mtu mmoja. Yule aliyetoa toleo zima kwa ajili ya vijiji vya Congo, vyenye Paris haikuvijua hata jina, njo huyu aliyesema kwamba sala ya msichana wa Domrémy ni historia.

Binti mdogo katikati ya wakubwa wake

Oktoba 1911 kilitoka kitabu ambacho wengi wanakipenda kuliko vyote: Le Porche du mystère de la deuxième vertu. Ndani yake Mungu mwenyewe anazungumza, kupitia kinywa cha Madame Gervaise. Na anazungumza kama mzee mkulima wa Ufaransa, anarudilia, anashangaa, anacheka kidogo.

Kila mkatekumeni anajua: imani, matumaini, mapendo. Péguy anachora mbili kati ya hizo kama wamama wakubwa, wenye nguvu. Matumaini ni binti mdogo, anatembea katikati yao. Watu wanafikiri wakubwa njo wanamvuta. Kumbe yeye mdogo njo anawavuta. Mungu wa shairi hashangai kwamba watu wanaamini, maana dunia yote inamwonyesha. Hashangai sana kwamba wanapendana, maana bila hivyo wangekuwa na moyo wa jiwe. Anashangaa kwamba watu wanaona kila siku mambo yanavyoharibika, na asubuhi wanaamka tena wakifikiri kwamba leo itakuwa vizuri.

Machi 1912 kilifuata kitabu juu ya Watoto Watakatifu, wale Herode aliowaua Betelehemu. Kisha mashairi ya Mtakatifu Geneviève, ya Bikira Maria wa Chartres, na Desemba 1913 shairi refu la Eva, lenye mistari zaidi ya 7,000.

Namna yake ya kuandika inachosha wengine. Anachukua neno moja, analigeuza, analirudisha, anaongeza kidogo, anarudi tena. Msomaji wa haraka anafunga kitabu. Lakini mwenye kujua litania, mwenye kujua rozari, ao mwenye amesikia wamama wakilia kwenye msiba na kurudilia jina lile lile, anatambua mwendo huo mara moja. Ni mwendo wa miguu, si wa gari. Ni pia mwendo wa mama mwenye kufuma kiti, jani moja juu ya lingine.

Wasomaji walimjibu namna gani?

Si vizuri sana. Wasajili wengine waliona wamedanganywa: walilipa ili wapate habari za haki na siasa, sasa wanapewa sala. Wengine wakaacha kulipa. Kwa upande wao, Wakatoliki wengi walibaki na mashaka na mtu mwenye hakomuniki na mwenye alikuwa pamoja na wasoshalisti. Mwaka 1911 Académie française ilimpa tuzo, lakini si lile kubwa lenye marafiki zake walilitazamia.

Péguy mwenyewe alikataa neno la kugeuka. Mwaka 1910 aliandika Notre jeunesse, kitabu cha kukumbuka ujana na kesi ya Dreyfus. Alieleza kwamba kila jambo zuri linaanza na watu wenye kujitoa bila faida, na mara nyingi linamalizika katika mikono ya wenye kutafuta viti. Humo alimheshimu Bernard-Lazare, aliyekufa mwaka 1903, kijana bado, karibu kusahauliwa na wale aliowafungulia njia. Mkristu alimwita Myahudi asiye na dini nabii. Katika Ufaransa ya wakati ule, yenye chuki nyingi juu ya Wayahudi, haikuwa neno jepesi.

Makosa ya kalamu

Historia ya Péguy ina ukurasa mbaya, na haifai kuuruka. Mapenzi yake ya inchi yalizidi kuwa makali tangu 1905, wakati Ujerumani ilitisha Ufaransa juu ya Moroko. Jean Jaurès, kiongozi wa wasoshalisti, aliyekuwa zamani rafiki na mtu aliyemheshimu, alitafuta amani. Péguy akamshambulia mwaka hata mwaka. Mwaka 1913 aliandika kwamba wakati wa vita, mtu kama Jaurès anafaa kupelekwa kwenye mahali pa kuuawa, ngoma zikifunika sauti yake.

Tarehe 31 Julai 1914, mtu mmoja mwenye msimamo mkali wa utaifa alimpiga Jaurès risasi katika mkahawa wa Paris. Muuaji hakutumwa na Péguy. Lakini neno la mwandishi lilikuwa limetoka, na wengi wengine waliandika sawa naye. Mshairi wa binti Matumaini na mwandishi wa sentensi ile ni mtu yule yule. Katika inchi yenye inajua nguvu ya kipaza sauti na ya ujumbe wa simu, funzo hilo halina lazima ya maelezo mengi: imani peke yake hailindi ulimi, na kalamu iliyookoa mtu mmoja inaweza kumtoa mwingine kwa adui zake.

Shamba la Villeroy

Vita ilianza siku chache baadaye. Péguy, luteni wa akiba, alikwenda na wanajeshi wake. Tarehe 5 Septemba 1914, karibu na Villeroy, kilometa chache kutoka Meaux, jeshi la Wajerumani lilikuwa mbele. Alisimama kuongoza watu wake, risasi ikampiga katika kipaji cha uso. Alikuwa na miaka 41. Kijarida kilikufa pamoja naye. Mtoto wake wa mwisho alizaliwa mwaka 1915.

Kisha kifo, kila mtu alitaka kumchukua. Katika vita ya pili ya dunia, serikali ya Vichy, ile iliyokubali kufanya kazi na Hitler, ilimtaja kama mwalimu wa kupenda udongo wa inchi. Lakini tarehe 17 Juni 1940 Edmond Michelet, Mkatoliki wa mji wa Brive, alikuwa amegawa makaratasi yenye maneno ya Péguy ili kuwaambia watu wasikubali kushindwa. Mwandishi mmoja, pande mbili. Inafaa kumsoma mwenyewe, si vipande tu.

Kwa mwenye kutaka kuanza, Le Porche njo mlango mzuri, na kwa sauti, polepole, ikiwezekana watu wawili wakipokezana. Kifaransa chake ni cha watu wa kawaida, mwanafunzi wa sekondari anaweza kukifuata. Haki za kuchapisha zilikwisha isha, kwa hiyo vitabu vyake vinapatikana bure kwenye maktaba za intaneti, na radio ao kikundi cha parokia kinaweza kuvisoma bila kuomba ruhusa.

Na kwa waandishi wa habari wenye miaka mingi katika kazi, wenye madaftari yamejaa majina ya vijiji, ya wafu na ya tarehe, Péguy anaacha mfano wa mambo mawili. Mashairi na historia ya imani hayakumwomba asahau yale aliyoyaona. Na neno la chuki halikupata usafi kwa kuwa aliyeliandika alijua kusali.